Ajali na Ajili Yake

Kichanja chetu cha kahawa kilianguka alasiri, mama mkwe akiwa hatua chache pembeni, anageuza dagaa. Alikuwa amepanda kwetu Mbinga kutoka Liuli na kiroba cha usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa. Walipata unyevu njiani, akawatandaza juu ya turubai upande wa chini wa kichanja. Ghafla mti ukalia, wavu ukalala, na kahawa yote tuliyokwisha kuimenya na kuiosha ikamwagikia dagaa. Kuku wakawahi, paka akafuata.

"Ajali haina kinga, mwanangu," mama akaniambia huku akijipangusa vumbi. Alisema ili mume wangu, aliyekijenga kichanja kile, asijione mkosaji. Hiyo ni kazi njema ya neno hili majumbani: humkinga mtu na lawama kabla hazijamfika.

Neno lenyewe limetoka katika Kiarabu, ajal: muda uliowekwa, hasa ukomo wa uhai. Ndiyo maana katika Kiswahili cha zamani ajali ya mtu ni siku yake iliyoandikwa, isiyosogezwa mbele wala nyuma. Leo tunaitaja zaidi gari linapopinduka au chungu kinapomwagika. Lakini kwa herufi zilezile, alifu, jimu na lamu, Kiarabu kina pia ajl, yaani sababu, nasi tunaitamka kila siku tusemapo "kwa ajili ya". Ajali na ajili zimetoka mzizi mmoja.

Ajili ya kichanja chetu tuliipata jioni hiyohiyo. Mume wangu alipougonga mguu uliovunjika, ulitoa unga. Mchwa walikuwa wameula ndani, limebaki ganda. Watoto wakasema wanawajua mchwa hao. Walikuwa wakibandua udongo kwenye miguu ya kichanja na kuwapelekea vifaranga. Hakuna mkubwa aliyewahi kuwauliza watoto vifaranga wanakula nini.

Liuli nako kuna kisa cha namna hii. Agosti 1914, meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu pale kwa matengenezo. Guendolen, meli ya Waingereza, ikaja ikaipiga mizinga. Berndt, nahodha wa meli ya Wajerumani, alishangaa na kughadhibika, kwani Rhoades, mkuu wa Guendolen, alikuwa rafiki yake. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ilikuwa imekwisha kutangazwa siku kadhaa nyuma. Habari ilimfikia Rhoades, haikumfikia Berndt. Kwa mmoja lilikuwa agizo la kazi, kwa mwenzake lilikuwa jambo la ghafla.

Nyumbani ni vivyo hivyo. Mengi tunayoyaita ya ghafla yana mtu aliyeyaona mapema, na mara nyingi ni yule ambaye hatumuulizi: mtoto, msaidizi wa kazi, bibi anayekaa uani kutwa. Tusiache kusema "ajali" kwa kuhurumiana, ila tusikomee hapo. Baada ya pole, tuitafute ajili.

Tulichambua dagaa na kahawa hadi usiku, kisha kahawa tukaiosha upya, maana hushika harufu upesi na mnunuzi huinusa. Miguu mipya tumeisimamisha juu ya mawe. Watoto tumewakabidhi kazi ya kuikagua, na wakisema wameona kitu, baba yao huinuka akaenda kutazama.