Elfu Moja ya Usoni

Tangu juzi, kila nikinawa uso nasugua paji mara mbili. Hapo ndipo ilipobandikwa noti ya elfu moja, picha ya Mwalimu Nyerere ikitazama mbele, ukumbi mzima ukishuhudia.

Kazi niliyopewa ilikuwa nyepesi: simama chini ya ngazi za jukwaa, asipande mtu. Msimamizi wetu amezoea matamasha ya bongo fleva, ambako anayepanda ni kijana aliyelewa anayetaka kumkumbatia msanii. Hakuniambia, wala sikuuliza, kwamba kwenye taarab anayepanda ndiye anayelipa.

Kutunza, jamani, ni elimu. Mtunzaji hainuki wimbo unapoanza. Wimbo wenyewe robo saa na ushei, kinanda peke yake kinazunguka mpaka soda inapata joto mezani. Anakaa, anausubiri ubeti wake. Ukifika, anasimama, anazitandaza noti kama karata, anakuja polepole, kiuno kikitangulia. Noti kaziinua juu kabisa, na si kwa ajili ya mwimbaji, maana huyo angeziona hata zikiwa magotini. Kaziinua ili mtu wa meza ya pili kushoto azione. Maneno ni ya mtunzi, sauti ni ya mwimbaji, ila noti ndiyo inayosema nani anaambiwa. Kushtakiana hakuna, jina halikutajwa. Tuzo zikimiminika, ubeti unarudiwa; zikikauka, wimbo unasonga. Siti binti Saad alirekodi santuri Bombay tangu 1928, na bado watu wanajazana kumbini hadi alfajiri. Naelewa sasa: santuri haiwezi kumgeukia mtu wa meza ya pili.

Basi akaja mama mmoja, wekundu wa Msimbazi watano, noti za elfu kumi, mkononi.

“Mama, hairuhusiwi.”

“Nini hairuhusiwi, mwanangu?”

“Kupanda.”

Akacheka, akidhani namtania. Akaenda kulia, nikaenda kulia. Akarudi kushoto, nami huyo, mikono nimeitanua kama golikipa. Vigelegele vikapigwa, watu walidhani tunacheza. Mwimbaji akaurudia ubeti, akaurudia tena huku amenikodolea macho, kisha akakata tamaa, akaingia ubeti unaofuata, wa kuwasifu wenye subira. Meza ya pili kushoto kikatoka kicheko kimoja, kirefu.

Mama akazikunja zile noti moja moja, akazirudisha kwenye pochi. Akachokora humohumo, akatoa elfu moja, akanipachika nayo kwenye paji. Jasho likaidaka.

“Na wewe umecheza,” akasema.

Usiku huohuo nilichomoa waya wa gitaa la besi kwa kisigino, na saa nane nikamzuia mpiga kinanda asirudi jukwaani kutoka chooni. Hayo yalipita.

Kilichonikera kilikuja alfajiri, wakati wa malipo. Tulikubaliana shilingi 20,000, kuanzia saa tisa alasiri. Ikakatwa 8,000 ya fulana iliyoandikwa USALAMA, fulana ambayo tuliivua palepale tukairudisha, na kesho atakatwa nayo mwingine. Ikakatwa 5,000 ya malalamiko ya mteja. Nikauliza: aliyesema asipande mtu ni nani? Msimamizi akaendelea kuhesabu.

Akanipa 7,000. Kisha akanyoosha mkono tena, kiganja juu.

“Na ile ya usoni,” akasema. “Tuzo zote ni za bendi.”