Nikaha ya Muscat, Sebule ya Ngamiani

Baba wa bibi harusi alitoa ruhusa yenye sharti. Nikaha ya binti yake itarushwa mubashara kutoka Muscat ili ndugu wa Tanga, Mombasa na Unguja waione, lakini ikimalizika ifutwe hapo hapo, isilale mtandaoni hata usiku mmoja. Hakutaka sura za wageni wake ziwe mali ya kila mwenye bando. Mtu mmoja tu alimruhusu kubaki na nakala: mama mkwe wangu, aliyemlea bibi harusi hapa hapa nyumbani kwetu Ngamiani, Tanga, mpaka alipofika umri wa kuanza shule. "Mama airekodi huko kwenye simu," alisema, "na iwe yake."

Namuunga mkono baba yule kwa moyo wote. Mitandao mingi haimpi mrushaji taarifa yoyote kwamba fulani anarekodi skrini yake, kwa hiyo kinachowalinda wageni wa shughuli ni adabu ya watazamaji tu. Lakini sharti lake lilikuwa na maana nyingine kwetu: nakala isipopatikana Ngamiani, haitapatikana popote.

Mama mkwe huyo, Bibi kama watoto wa nyumba wanavyomwita na sisi tumewafuata, magoti hayamruhusu tena safari. Chumbani kwake lipo boksi la kanda za kaseti alizoletewa na ndugu waliokwenda Arabuni miaka ya 1980, barua za sauti walizojirekodi wenyewe badala ya kuandika. Redio ya kuzichezea ilikufa zamani, kanda hajazitupa. Kwake sauti ya mtu ndiyo mtu mwenyewe. Alichotaka nikahani si mapambo wala magari. Alitaka kumsikia bwana harusi akikubali.

Umeme ulikatika tangu asubuhi siku ile, na hapo ndipo visa vilipoanzia. Kazi ya kurekodi walipewa wawili, shemeji yangu ambaye ni dalali wa viwanja, na mwanangu mkubwa aliye kidato cha nne. Simu ya Bibi, zawadi ya wifi yangu kutoka huko huko Muscat, ndiyo iliyokuwa mpya kuliko zote, lakini memori yake ilikuwa imejaa picha za dua na za asubuhi njema. Mwanangu alipotaka kuzifuta, Bibi alimnyang'anya simu. Nyingi zilitoka kwa shoga yake ambaye ameshatangulia mbele ya haki. "Futeni za kwenu," akasema, na hakuna aliyerudia ombi hilo.

Nafasi iliyohitajika haikuwa ndogo. Ukirekodi skrini kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, dakika moja inachukua megabaiti 60, na saa nzima inafika gigabaiti 3.6. Watu wengi hapa mtaani wanaamini kurekodi ndiko kunakokula bando. Si kweli. Bando linaliwa na kule kutazama, ungerekodi usingerekodi. Kurekodi kunakula memori na chaji. Basi simu ya Bibi ikapewa kazi ya kuwagawia wenzake intaneti, ikachomekwa kwenye powabenki pekee iliyokuwepo, na simu za Shemeji na mwanangu zikabaki na chaji zilizoamka nazo.

Mwanangu alimsihi ba'mdogo wake aweke simu katika hali ya ndege kisha awashe Wi-Fi peke yake, ili asipigiwe katikati ya shughuli. Shemeji akakataa. Mteja wa kiwanja cha Pongwe alikuwa ameahidi kupiga siku hiyo, na ada ya shule ya watoto wake ilitegemea kiwanja hicho. Simlaumu, mtu anakula anapofanya kazi.

Nikaha ilianza saa kumi kasorobo za Muscat, ambazo kwetu ni saa tisa kasorobo. Sebule ilijaa majirani, wengine wamekaa mkekani, wengine wamesimama mlangoni na kanga zao. Simu zote mbili ziliegemezwa kwenye vikombe mbele ya Bibi, zote zinarekodi, zote sauti juu. Mara khatibu akaanza kujirudia. Kila neno lililotoka kwenye simu ya Shemeji lilitoka tena kwenye simu ya mwanangu baada ya kitambo. Ndivyo matangazo ya mubashara yalivyo: video hukatwa vipande, hupitia seva, na kila simu hujiwekea akiba kidogo kabla ya kuonyesha, hivyo simu mbili juu ya meza moja zinaweza kuachana kwa sekunde kadhaa. Bibi akasema anasikia makhatibu wawili na haelewi hata mmoja. Mwanangu akapunguza sauti ya simu yake mpaka karibu na kimya.

Kitendo hicho kidogo cha heshima ndicho kilichotugharimu. Simu yake ni ya zamani, ya Android 9, na mfumo huo hauziruhusu programu za kurekodi kuchukua sauti ya ndani ya simu. Ruhusa hiyo ilikuja na Android 10, mwaka 2019, na kitufe cha kurekodi skrini kikawa sehemu ya mfumo wenyewe kwenye Android 11, mwaka 2020. Wenye iPhone walikuwa nacho tangu 2017, ilipokuja iOS 11. Simu ya kabla ya Android 10 hurekodi picha kutoka ndani, lakini sauti inaidaka kwa kipaza sauti chake, kutoka hewani, kama anavyosikia mtu aliyekaa kando. Na hewani, sebuleni kwetu, khatibu alikuwa na washindani wengi.

Simu ya Shemeji, ambayo ni ya juzijuzi, ilikuwa inachukua sauti safi kabisa. Mteja wa Pongwe alipiga katikati ya hotuba, jina lake likafunika ndevu za khatibu, Shemeji akaikata haraka na kurekodi kukaendelea. Baba akatamka ya kuoza. Bwana harusi akajibu. Sebule ikalipuka kwa vigelegele, nami nilikuwa wa kwanza kuvipiga. Muda mfupi baadaye kioo cha simu ya Shemeji kikawa cheusi, chaji imekwisha. Huko Muscat dua ikasomwa, picha zikapigwa, na kijana aliyekuwa akirusha akafuta video kama alivyoagizwa.

Usiku umeme uliporudi tukakaa tena. Rekodi ya Shemeji haikufunguka. Ya mwanangu ilifunguka, picha nzima mwanzo hadi mwisho, lakini sauti ilikuwa yetu sisi. Bibi akiwatajia majirani nani ni nani katika safu ya mbele. Jirani akiuliza mahari ni kiasi gani. Wajukuu wakigombea kitumbua cha mwisho, adhana ya alasiri ya msikiti wetu, mfuniko wa sufuria ya pilau. Midomo ya bwana harusi ikacheza, na tulichosikia ni vigelegele vyangu.

Bibi aliitazama mpaka ikaisha. Kisha akauliza, "Kasema nini?"

"Kakubali, mama," nikamjibu.

"Najua kakubali. Nataka kumsikia."

Asubuhi Shemeji aliiacha biashara yake akaenda kwa fundi simu karibu na Soko la Ngamiani, nami nikamfuata. Fundi alituonyesha kitu kilichonipa matumaini: faili lile halikuwa tupu, uzito wake ulikuwa wa gigabaiti kadhaa. Video za MP4 huandikiwa fahirisi mwishoni, wakati wa kulifunga faili, na bila fahirisi hiyo programu ya kuchezea video haijui picha ipi inaanzia wapi. Simu ikizimika ghafla, picha na sauti huwa zimo, ila fahirisi haipo. Simu nyingine huyafuta mafaili ya namna hiyo zenyewe. Hii, alhamdulillahi, ilikuwa imelibakiza. Akatumia programu ya kompyuta iitwayo untrunc, ambayo huhitaji video nzima iliyorekodiwa kwa simu ile ile na kwa mpangilio ule ule ili ijifunzie muundo wake. Shemeji akarekodi skrini yake pale pale dukani, akipitia picha za viwanja, na kutokana na viwanja hivyo nikaha ikafunguka.

Picha za Shemeji zilikuwa zinakatika, lakini sauti ilikuwa nzima kutoka hotuba mpaka kabuli, lile jibu la bwana harusi. Fundi akaiweka sauti hiyo juu ya picha za mwanangu, akiilinganisha kwa yale maneno machache ya khatibu yaliyosikika kwa mbali chini ya kelele zetu. Baada ya kabuli sauti ya Shemeji inakoma, inabaki sebule yetu.

Bibi aliwekewa visikizi. Bwana harusi akamwambia, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba amekubali kwa mahari waliyoagana. Bibi akaomba irudishwe, ikarudishwa, akaomba tena.

Ukialikwa kutazama shughuli ya watu ukiwa mbali na ukapewa ruhusa ya kurekodi, jaribu dakika moja siku moja kabla, kisha uisikilize, usiitazame tu. Kama simu yako ni ya kabla ya Android 10, itafutie chumba chenye mlango unaofungwa. Nakala iliyokuwa kwenye kompyuta ya fundi tuliifuta tukiwa tumesimama dukani kwake, na zile za simu mbili zikafutwa nyumbani. Iliyobaki ni moja, imo kwenye flashi, na flashi anayo Bibi.