Sifa za Kubanana

Kubanana ni kitenzi cha watu wengi. Mtu mmoja aweza kubanwa: na mlango, na deni, hata na haja akiwa safarini. Kubanana kunataka mwenzi, kwa kuwa kiambishi -an- humdai kila anayebanwa naye abane. Hapo ndipo neno hili linapowapita ndugu zake. Kusongamana kunafaa taarifa ya habari, na magari husongamana bila kujuana. Kushonana husemwa na anayeutazama umati kutoka ghorofani. Kujaa pomoni hueleza chombo na kuwasahau waliomo. Kubanana hubaki humohumo ndani, pamoja na viwiko.

Makao yake makuu ni daladala. Magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kulisaidia shirika la UDA jijini Dar es Salaam mwaka 1983, nauli ilikuwa shilingi tano, yaani dala, na jina likatokea hapo. Nauli imepanda mara nyingi tangu hapo. Kubanana bado ni bure. Konda hupaza sauti, "Sogea, nyuma kweupe!" ilhali nyuma ni giza la migongo, na ajabu ni kwamba nafasi hupatikana.

Fadhila zake ni nyingi. Gari likikata kona haanguki mtu, maana hapana pa kuangukia. Mwenye usingizi hulala wima. Mchomoaji hufanya kazi yake bila hata kunyoosha mkono. Karani mwenye tai na muuza samaki aliyepandia Feri hushuka Kariakoo wakinukia kitu kimoja. Usawa huo Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilihitaji maelezo marefu kuufikia, na huenda halikuufikia.

Maadui hawakukosekana. Mwaka 2004 nchini Kenya kanuni zilizopewa jina la waziri wa uchukuzi, John Michuki, ziliagiza kila abiria wa matatu awe na kiti na mkanda. Dar es Salaam ikaleta mwendokasi mwaka 2016, mabasi marefu kweli, na urefu huo ukaongeza idadi ya wanaobanana.

Nje ya gari neno lina matumizi mengine. Kubana matumizi hakumo humu: anayetangaza jambo hilo kwa kawaida huwabana wengine. "Tutabanana hapohapo" ni kauli ya asiyekubali kuondoka, awe mpangaji, mgombea, au mchumba aliyeambiwa kwamba nafasi imekwisha kujaa.