Karavani ya Mbagala

Mume wangu, Baba Zuhura, alipoona kwenye televisheni Wazungu wakilala ndani ya gari kando ya bahari na kunywa chai mlangoni, alinunua Hiace kuukuu iliyostaafu udaladala. Aling'oa viti, akatandika godoro, akafunga jiko la gesi nyuma, akaipa cheo cha karavani. Maandishi ya ubavuni, MBAGALA–KARIAKOO, hakuyagusa. Rangi ni gharama, alisema.

Tukaanza safari ya Kilwa. Sasa, barabara ya kutoka Dar kwenda huko inapita wapi? Mbagala.

Foleni ilitusimamisha Rangi Tatu. Mlango ukavutwa kutoka nje, akapanda mama mmoja na beseni la vitumbua, nyuma yake vijana wawili na mwanafunzi. Mama akauliza viti viko wapi, kisha akakaa godoroni bila kungoja jibu. Nilimweleza kwamba hii si daladala, ni nyumba. Alimtazama mama mkwe wangu, aliyekaa mbele na mkoba mapajani kama abiria yeyote, akacheka sana. Alishuka Kongowe, akalipa nauli, na mwanangu Hamisi akagonga bodi mara mbili: "Twende!" Mtoto huyo tunamlipia ada ya shule.

Kwenye Daraja la Mkapa, lenye urefu wa karibu kilomita 1 kuvuka mto Rufiji, Baba Zuhura alianza mhadhara: kabla ya mwaka 2003 hapa palikuwa na kivuko, mvua zikizidi wasafiri wanakwama.

"Mimi nililala hapa Ndundu nikiwa na mimba yako," mama mkwe akamkatiza. "Wala hakuna aliyeniambia kwamba natalii."

Tulifika ufukwe wa Kilwa Masoko usiku, mwezi mpevu, maji yamekupwa mbali kabisa. Baba Zuhura akaliteremsha gari hadi kwenye mchanga laini, akasimamisha hema la watoto mbele yake. Mvuvi mmoja mzee akatukuta.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Leo bamvua, mwanangu. Hilo gari lako lina nanga?"

Baba Zuhura, mzaliwa wa Ilala, alicheka. Mama mkwe, mtu wa Lindi, hakucheka. Alichukua mkoba wake akaenda kulala gesti. Anajua kwamba mwezi ukiwa mpevu au ukiandama, pwani yetu maji hujaa mnamo saa kumi, alfajiri na jioni, na kati ya kupwa na kujaa hupishana zaidi ya mita 3.

Saa kumi alfajiri godoro la watoto lilielea. Ndala zilishatangulia, sufuria inazifuata. Gari lilikuwa limezama mchangani hadi ekseli, na mwenyewe amesimama juu ya paa akiita majina ya watoto ambao tayari walikuwa nchi kavu wakimpungia mkono.

Kulipokucha wavuvi walilivuta kwa kamba na nyimbo, kama wavutavyo mashua. Pesa walikataa. Walitaka lifti tu hadi Nangurukuru, wao na pweza wao. Godoro lile, lililokwisha kunywa bahari, likabeba na pweza, na Hamisi akawa mlangoni akiita abiria wengine.

Wewe ukienda Kilwa mwezi ukiwa mpevu, ulizia gesti ya mama mkwe. Ina feni, ina chandarua, na mlango wake hufungwa kwa ndani.