Barua ya Wazi: Tunaomba Hadhi ya Mbega

Kwa Meneja Mkuu,
Hoteli kubwa ya ufuoni (jina nimelisitiri, mwenyewe unajijua),
Diani, Kaunti ya Kwale.

KUH: MAOMBI YA KUANDIKISHWA UPYA, MARA HII TUKIWA MBEGA

Bwana Meneja,

Natumai barua hii imekufikia salama, ijapokuwa sielewi imepitaje langoni bila ya kuulizwa inamtafuta nani.

Mimi ni yule mama wa buibui aliyekuja kwako likizo ya Disemba na mumewe, mavyaa wake na mtoto wa kiume anayekimbilia miaka miwili. Usiponikumbuka sitakulaumu. Askari wako pia hawakunikumbuka, na wao walikuwa wakiniona kila nusu saa.

Chumba cha familia tulikilipia mapema kwa M-Pesa, ndani yake VAT asilimia 16 na tozo ya utalii asilimia 2, kila kitu kwa halali. Pesa zile ziliingia hotelini kwako usiku, zenyewe, bila ya msindikizaji, na hakuna askari aliyezisimamisha. Sisi wenye pesa ndio tuliokuwa na kazi ya kuingia. "Mnamtafuta nani?" Lango la barabarani, mabegi mabegani na mtoto amelala. "Mnamtafuta nani?" Mlango wa chumba cha kulia, sahani tayari mkononi. Mume wangu alivaa kaptula siku moja, likizo ikimruhusu, akageuka bichiboi papo hapo, na ikabidi mamake aje amtolee ushahidi. Lakini lango la ufuoni ndilo lililotia fora. Tulishuka na mtoto akachovye miguu tu, tukarudi mchanga haujakauka. Askari yule yule aliyetufungulia, amesimama pale pale, chai yake bado inatoa mvuke, akatuuliza tunamtafuta nani.

Najua utasema bangili zipo kwa sababu hiyo. Zipo. Zetu zilikuwa za plastiki, rangi ya chungwa, na mkono wa mtoto ni mwembamba, yake ikawa inachomoka. Mapokezi wakatumia akili, wakamfunga kwenye kifundo cha mguu. Tangu hapo, kila tulipofika penye mlango nilimbeba nikamnyanyua mguu, na askari akachuchumaa, akawasha tochi saa sita za mchana, akasoma namba. Mtoto ameitafuna kidogo ile bangili, kwa hiyo namba ilisomwa kwa kukisiwa, na kila askari alikisia yake. Jirani zetu wa chumba cha pili walikuwa na mtoto wa rika lake, nywele rangi ya mahindi, naye alipita milango yote hiyo uchi wa mnyama, hana bangili mkononi wala mguuni, askari anampigia makofi. Sina neno na mtoto yule, Mungu amkuze. Alicheza na wangu vizuri, wakanyang'anyana ndoo wakapatana. Alipoingia kidimbwini akapewa boya. Alipofuata wangu, tukaambiwa kwa upole sana kwamba watoto wa wafanyakazi hawaruhusiwi.

Nao askari sina ugomvi nao. Ni vijana wetu wa Ukunda na Mwabungo. Mmoja alimwamkia mavyaa wangu "Shikamoo, nyanya", akasubiri marahaba yake kwa adabu, ndipo akamuuliza anamtafuta nani. Adabu ile alifunzwa kwao. Swali alifunzwa kwako.

Basi Bwana Meneja, sikuja kulalama, nimekuja na ufumbuzi. Kwa muda wote tuliokaa hapo nilichunguza ni nani kati ya wenyeji wa Kwale anayeingia hotelini kwako bila ya kuulizwa lolote, na jawabu liko juu ya miti yako. Ni mbega. Tumbili nimemwacha, maana huiba mkate na umemwekea mtu wa manati. Nyani pia nimemwacha, kwa sababu zinazojulikana. Lakini mbega ni mgeni wa heshima. Ana shirika lake hapo hapo Diani, tangu 1997. Juu ya barabara kuu ametundikiwa madaraja ya kamba ili avuke asigongwe na magari. Picha yake iko kwenye vijitabu vyako. Yetu haimo.

Naomba familia yangu iandikishwe kuwa mbega.

Sifa tunazo. Mbega hula majani, hagusi bufee; na mwanangu, kwa siku zote zile, alikataa kila kilichokuwa kwenye bufee yako. Mbega hupumzika zaidi ya nusu ya mchana, tumbo likisaga majani yake polepole, na hiyo ndiyo likizo yenyewe tuliyoilipia. Mbega hana kidole gumba, kwa hiyo hakuna wa kumwambia atie dole kwenye daftari la langoni. Huishi kwa familia ndogo: dume mmoja, majike kadhaa na watoto wao. Mume wangu amelisoma sharti hili kwa makini mno, nami nimemjulisha kwamba hilo la majike kadhaa halimo katika maombi haya. Zaidi ya yote, jike yeyote wa kundi huweza kumbeba mtoto wa mwenzake, akapita naye tawi hadi tawi, na hakuna anayemsimamisha kumuuliza mama wa mtoto yuko wapi.

Sharti moja tu linatushinda, na hapo naomba huruma yako. Mtoto wa mbega huzaliwa mweupe pe, manyoya yote, na huchukua kama miezi mitatu kugeuka rangi ya wazazi wake. Sina shaka kwamba kwa miezi hiyo mitatu angepewa boya kidimbwini. Mwanangu alizaliwa na rangi hii hii aliyonayo, na kwa vyovyote vile umri huo umempita.

Kuhusu ujenzi, mahitaji yetu ni madogo. Tunaomba daraja la kamba moja, lianzie roshani ya chumba cha familia, lipite juu ya paa la mapokezi, likate kona kwenye mkungu mkubwa, lipite juu ya kidimbwi kwa kimo ambacho mtoto akidondosha kiatu kitaangukia majini badala ya kichwani kwa mgeni, kisha lishukie mchangani upande wa nje wa lango. Liwe na kamba ya kushikia mkono wa kulia kwa ajili ya mavyaa. Ana goti bovu, lakini kaka zake wote walikuwa wagema, na anasema kukwea kumo katika damu. Katikati pawekwe ubao mpana kiasi cha kubadilishia nepi, ulioinama kuelekea upande usiokuwa na meza. Buibui yangu nitaifunga kibwebwe. Kwa upande wa picha, wageni wapige watakavyo. Tutatulia tawini na kuwaangalia kwa macho yale ya upole ambayo mbega huwaangalia nayo. Ila pale chini kwenye nguzo, mahali ulipoweka kibao cha kuwaomba wageni wasiwasumbue wanyama, naomba uongeze mstari mmoja: "Hawa wako kwao."

Iwapo bajeti itaruhusu, kuna mengine madogo. Kiti kirefu cha mtoto kipatiwe mkanda, au kiandikwe kuwa ni pambo. Kwenye meza ya asubuhi yenye jibini za kila nchi pawepo na sufuria ya uji wa wimbi. Mahamri na mbaazi yasingoje "Usiku wa Waswahili". Na Mswahili mwenyewe akija usiku huo asiulizwe anamtafuta nani.

Huenda unajiuliza mbona naikuza hadithi ya swali la maneno mawili. Nitakwambia. Tulipompeleka mtoto chanjo hapa Msambweni, muuguzi alitokea mlangoni na sare yake nyeupe, mtu wa watu, anatabasamu. Mwanangu alikaa chini, akavua kiatu, akanyanyua mguu. Muuguzi akacheka akisema ana heshima. Mimi sikucheka. Hajui kusema "tafadhali", hajui rangi, hajui hata jina lake la pili, lakini anajua tayari kwamba mtu mwenye sare akitokea, yeye ndiye wa kujieleza. Amefundishwa hapo kwako, kwa bei ya msimu wa Krismasi.

Na kumbukumbu mnazo fupi mno, nyinyi wa hoteli! Agosti 1997 Likoni ilipowaka kwa machafuko na vyumba vikabaki na popo, mlijua mnamtafuta nani. Mei 2014 kampuni za utalii za Uingereza zilipowapakia watalii wao ndegeni na kuwarudisha makwao, mlijua. Mwaka 2020 ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Machi hadi Agosti, mkatuletea matangazo mpaka kwenye simu zetu, bei ya wenyeji, watoto bure, karibuni nyumbani. Enzi hizo hakuna aliyetuwashia tochi miguuni. Tulikuwa wageni, tena wageni waheshimiwa, kwa sababu hapakuwa na wengine. Anga ikafunguliwa, nasi tukarudishwa langoni.

Twende Kinondo, hapo hapo jirani yako. Kaya Kinondo ni msitu mtakatifu, umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2008 pamoja na kaya nyingine za Mijikenda. Una mengi ya kulindwa kuliko vitanda vyako vya kuotea jua. Mgeni akifika hufungwa kaniki, huelezwa masharti, huingia. Haulizwi tena kwenye kila mti. Wazee wale hawajasomea hoteli popote, ila wanajua kwamba mtu akishakaribishwa mara moja amekaribishwa.

Samahani, Bwana Meneja, nimepandisha sauti. Turudi kwenye maombi.

Nafahamu kwamba daraja litachukua muda, kuna vibali vya mazingira na kuna kikao cha bodi. Tukingoja, tumepanga kuitumia njia ya mpito ambayo haina gharama kwako. Kifungu cha 62 cha Katiba ya 2010 kinahesabu ardhi yote iliyo baina ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa ni ardhi ya umma. Na wewe unajua jinsi Diani inavyokuwa maji yakipwa: bahari inakwenda zake hadi mwambani, na mchanga unabaki mpana kama uwanja wa mpira, mbele kabisa ya viti vyako, mbele ya wageni wako wanaokunywa madafu kwa mrija.

Hapo ndipo tutakapokuwa wikendi ya bamvua, maana bamvua ndiyo huyavuta maji mbali zaidi. Mavyaa atakuja na mkeka wake na sufuria ya mbaazi. Alikuwa akipita hapo kwenda kuchokoa pweza kabla hoteli yako haijachorwa hata kwenye karatasi, na bado anakumbuka mahali njia ilipokuwa, ambapo leo kuna jenereta yako. Mtoto atakuja na ndoo. Mume wangu atavaa kaptula. Hatutavuka lango lako wala kugusa kiti chako, na bangili hatutavaa.

Mwambie tu askari wa lango la ufuoni kwamba akitamani kushuka atuulize tunamtafuta nani, aje, atakaribishwa mbaazi. Na wewe pia ukipenda. Ila ukifika kwenye mkeka, mavyaa ameshasema kwamba zamu hii yeye ndiye atakayeuliza.

Wako katika kungoja kamba,

Mama wa chumba cha familia, ghorofa ya pili
Msambweni

Nakala: Mbega wote wa Diani, kwa taarifa na ushauri.