Jinsi ya Kuunda Akili Mnemba ya Hospitali Isiyobagua

Anzeni na kamati. Iiteni ya maadili, itafutieni ukumbi wenye kiyoyozi, na wajumbe wawe wahandisi watupu, maana mgonjwa akialikwa atauliza maswali. Tamko la haki litangulie programu. Baadaye mtakuwa na kazi ya kukanusha.

Kisha futeni rangi ya mtu kwenye takwimu. Sasa mnaweza kuapa kwamba mashine yenu haijui mweusi wala mweupe. Hatua hii ni tamu, na Marekani imeshaonyesha inavyofanya kazi. Hospitali zilitumia programu ya kuchagua wagonjwa wa kupewa uangalizi wa ziada. Lakini ugonjwa unapimwaje? Kuna sukari, kuna presha, kuna figo, na kila kimoja kina vipimo vyake. Usumbufu mtupu. Ankara zipo tayari. Basi mashine ikafundishwa kukisia gharama: atakayetumia pesa nyingi ndiye mgonjwa zaidi. Aliyekosa nauli, aliyenyimwa ruhusa kazini, au aliyedharauliwa na daktari akaapa kutorudi, huyo kwa mujibu wa ankara ni mzima. Hongera zake.

Mwaka 2019 mtafiti Ziad Obermeyer na wenzake wakachapisha katika jarida la *Science* waliyoyakuta kwenye programu hiyo. Kwa alama zilezile walizopewa na mashine, wagonjwa weusi walikuwa wanaumwa kuliko weupe. Hesabu ikinyooshwa, weusi kati ya wale wanaoandikishwa moja kwa moja kwenye uangalizi huo wangepanda kutoka asilimia 17.7 hadi 46.5. Na rangi haikuwamo kwenye programu hata kidogo! Mnaona faida ya kuifuta?

Majaribio yasiwachoshe. Uzeni kwanza, wengine watapima. Programu ya kampuni ya Epic ya kutabiri sepsisi, hali ya hatari inayotokana na maambukizi, ilikuwa imeshaenea katika mamia ya hospitali kabla watafiti wa Michigan hawajachapisha tathmini yao mwaka 2021: iliwakosa theluthi mbili ya waliopata sepsisi, huku ikipiga kengele kwa asilimia 18 ya wote waliolazwa. Daktari akilalamika, mkumbusheni kwamba uamuzi wa mwisho ni wake. Mkataba unasema hivyo, kwa herufi ndogo.

Onyo moja. Obermeyer na wenzake walikaa na watengenezaji wa programu ile ya ankara, wakaifundisha kukisia afya pamoja na gharama. Upendeleo ukapungua kwa asilimia 84. Msithubutu kuwaiga. Walichobadilisha ni kile mashine inachokisia tu, na kamati yenu imeshapangiwa posho za vikao hadi mwakani.