Pedali ya Tatu

Aliyeniuzia gari hili aliniambia lilikuwa la mwanariadha. "Mkubwa, huyu jamaa kila mahali anakwenda mbio. Gari lilikuwa linakaa tu nyumbani." Kwingineko ungecheka, lakini hapa Eldoret maneno hayo yana uzito. Mita ilisoma kilomita 78,000, nikalipa. Nilipofika kwangu ndipo nikaona mpira wa pedali ya klachi umelika hadi chuma kinang'aa. Ama mita ni mwongo, ama yule bwana alikuwa akifanya mazoezi ya mguu mmoja.

Ni Subaru Legacy B4 ya 2006, viti vya ngozi, turbo, gia 6 za mkono. Ugonjwa wenyewe niliupata mwaka 1997, Colin McRae alipolishinda Safari Rally kwa Impreza, na sijapona. Shida ni kwamba magari ya aina hii hayaji tena. Sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na huko Japani kwenyewe wengi walishahamia otomatiki. Yaliyobaki ndiyo haya yenye namba za KBU, yanayopita mkono hadi mkono kama sufuria ya harusi, kila mmoja akimwachia mwenzake masizi.

Mama watoto nilimwendea kwa sayansi. Tuko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, nikamwambia, hewa ni nyembamba. Wanariadha wa dunia nzima wanaifuata hewa hii, lakini injini inaichukia: gari la kawaida hupoteza karibu moja ya tano ya nguvu zake. Turbo huisukumia injini hewa kwa lazima, ikapumua kama iko Mombasa. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo ambalo lingepaswa kunitia shaka.

"Turbo ninayoijua mimi iko njia ya Webuye," akasema, "na nauli yake naijua."

Sasa niambie gia 6 ni za nini Uganda Road saa kumi na moja jioni. Malori ya kwenda Malaba mbele, boda boda ubavuni, mkokoteni wa viazi katikati kana kwamba barabara ni ya babu yake. Kanyaga, ingiza, achia, zima, washa. Gia ya tatu sijaiona tangu Jumatatu. Mguu wangu wa kushoto umenenepa kuliko wa kulia. Suruali ndiyo shahidi. Agosti 2024 tulipewa hadhi ya jiji, ila matuta hayakupelekewa barua. Tumbo la gari hili liko chini, kwa hiyo kila tuta nalipita mshazari kama kaa, huku Probox iliyopakia mahindi ikinipigia honi. Kisha inanipita. Probox!

Na heshima niliyoifuata? Majirani wanaamini nilipungukiwa pesa za otomatiki. Juzi nimesimama karibu na steji, mama mmoja akafungua mlango wa nyuma, akatanguliza kuku, akakaa kwenye ngozi yangu na kuuliza Iten ni ngapi. (Nilimwambia hii si matatu. Akaniambia basi nimpunguzie.)

Kila tarehe 14 ya mwezi nasubiri EPRA watangaze bei ya mafuta kama mtahiniwa anayesubiri matokeo. Naye fundi ameshatoa yake: klachi imekwisha, giaboksi lishushwe. Akataja bei. Nikamwomba arudie, akaongeza.

Jumamosi akaja shemeji, yule anayeazima kila kitu na kurudisha nusu. Anaomba gari. Nilimpa funguo upesi hadi akashtuka. Akaingia, akavuta kiti, akatazama chini kwa muda mrefu.

"Shemeji, hii ya tatu ni ya nini?"

Leseni yake ni ya otomatiki tu. Akashuka polepole, kama mtu aliyekosea nyumba ya matanga. Nilikimbia jikoni kumwambia mama watoto kwamba klachi imejilipa yote, pamoja na kazi ya fundi.

"Vizuri," akasema, bila kuinua macho kwenye sukuma wiki. "Basi utamwendesha wewe. Anakwenda Turbo."